Swali la Reli na Meli

Duka la baba yangu liko Omurushaka, hatua chache kutoka inapoanzia barabara ya kwenda Nkwenda na Murongo. Linauza madaftari, kalamu, bahasha na vocha, lakini kinachotulisha hasa ni mashine ya kutoa kopi. Kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Septemba mashine hiyo haipoi. Walimu wanaleta mitihani ya majaribio ya darasa la saba, wazazi wanaleta mitihani ya miaka iliyopita, na vijana wa rika langu, wenye shahada na wasio na kazi, wanaleta maswali ya usaili wa maandishi wa ajira za serikali. Wote wanatafuta kitu kimoja: maswali ya kupima akili. Neno gani halihusiani na mengine? Namba gani inafuata? Kama hili ni kwa lile, je, lile ni kwa lipi?

Mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikiandika pendekezo la utafiti wa shahada yangu ya uzamili katika historia. Mchana nilikaa dukani. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa darasa la saba, alikuwa akifanya mazoezi kwenye kaunta. Akafika kwenye swali la kutaja kisichohusiana na vingine: nanasi, ndizi, parachichi, muhogo. Akakaa kimya, kisha akasema swali limekosewa.

"Limekosewa vipi?"

"Ndizi na muhogo ni chakula. Nanasi na parachichi ni matunda. Viko viwili viwili."

Jibu lililochapwa nyuma ya karatasi lilikuwa muhogo. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa sahihi. Karagwe ukisema umekula, mtu anaelewa umekula ndizi, zilizopikwa na maharage. Ndizi ya kumenya na kutafuna ipo, lakini siyo ndizi inayomjia mtoto wa hapa kwanza akilini. Aliyetunga swali aliona sahani ya matunda. Mdogo wangu aliona sufuria.

Shangazi yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la mlangoni akisubiri mvua ipungue. Akasema bila kugeuka, "Mwambie aandike muhogo. Mimi nilibishana na swali moja, nikabaki nyumbani."

Kwetu hadithi hiyo tunaijua wote. Shangazi alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1983. Alikuwa wa pili au wa tatu katika kila jaribio darasani. Wakachaguliwa wavulana wawili, yeye akakosa. Kwa miaka arobaini amekuwa akieleza kwamba alikosa kwa sababu ya swali moja, na swali lenyewe analikumbuka neno kwa neno: garimoshi ni kwa reli kama meli ni kwa nini? Majibu ya kuchagua yalikuwa bandari, maji, nahodha na abiria. Alichagua bandari.

Nilikuwa nimelisikia swali hilo tangu utotoni na sikuwahi kumwuliza kwa nini bandari. Siku hiyo ya mvua nikamwuliza.

"Sikuwa nimeona garimoshi," alisema. "Nilisoma kwamba watu wanaenda relini kupanda garimoshi. Na meli ya Bukoba watu wanaenda bandarini kuipanda. Kwa hiyo reli ni kama bandari."

Nimeendelea kuyafikiria maneno hayo kuliko kitu chochote nilichosoma darasani mwaka ule. Fikra yake haina kasoro. Kama reli ni mahali pa kupandia garimoshi, basi meli ni kwa bandari, na hakuna jibu jingine linalofaa. Kilichopungua ni reli yenyewe. Karagwe haikuwa na reli mwaka 1983, na haina hadi leo. Swali lililodai kupima namna anavyofikiri lilipima alikowahi kufika.

Niliporudi chuoni nilianza kufuatilia maswali ya aina hii yametoka wapi. Nilitegemea kukuta hila ya wakoloni, kitu kilichobuniwa ili kutufungia mlango. Nilichokuta kilinishangaza.

Mwaka 1921, katika jimbo la Northumberland kaskazini mwa Uingereza, halmashauri ilikuwa na tatizo. Ilikuwa na nafasi za bure katika shule za sekondari, lakini shule nyingi za vijijini na za wachimba makaa hazikuwa zikileta hata mtoto mmoja kushindania nafasi hizo. Mtihani wa kawaida ulidai mtoto awe amefundishwa vizuri, na watoto hao walikuwa hawajafundishwa vizuri. Halmashauri ikamwendea Godfrey Thomson, mwalimu wa chuo kikuu huko Newcastle. Thomson mwenyewe alikulia katika kitongoji cha wafanyakazi kando ya mto Tyne, na alipanda ngazi kwa kushinda nafasi za ufadhili. Akatunga mtihani wa maneno na mantiki ambao, kwa matumaini yake, usingetegemea sana mwalimu wa mtoto ni nani. Nia ilikuwa kuwapata watoto wenye akili waliofichwa na umaskini wa shule zao.

Mwaka 1925 Thomson alihamia Edinburgh, na mitihani iliyotungwa chini yake pale Moray House ikaenea Uingereza. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1944, watoto wa miaka 11 wakawa wanagawanywa kwa mitihani ya namna hiyo: wachache kwenda shule za kitaaluma, wengi kwenda kwingineko. Haikuchukua muda wazazi wenye fedha wakaanza kulipia masomo ya ziada na vitabu vya mazoezi. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Philip Vernon alionyesha kwamba mazoezi na mafunzo yanapandisha alama za mtihani huo. Mtihani uliotungwa ili mwalimu asihesabike ukawa na walimu wake maalumu. Omurushaka tunaita tuisheni.

Kwa hiyo chombo chenyewe kilizaliwa na nia njema, kwa ajili ya watoto wa mashambani. Kilipovuka bahari kikaja kwetu, kilikuta nia nyingine zikikisubiri.

Mwaka 1932 R. A. C. Oliver, aliyefanya kazi Kenya kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York, alichapisha Nairobi mwongozo wa mtihani wa jumla wa akili kwa ajili ya Waafrika. Mwaka huohuo aliandika pia juu ya kulinganisha uwezo wa watu wa rangi mbalimbali. Haikuwa mada ya kitaaluma tu. Katika Nairobi ya miaka ile, daktari H. L. Gordon alikuwa akihubiri kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa, na mwenzake F. W. Vint alikuwa akipima bongo za maiti za Waafrika ili kutafuta ushahidi. Mwaka 1933 kikaundwa pale chama cha kuchunguza uboreshaji wa rangi za watu. Swali lililokuwa mezani halikuwa mtoto gani apewe nafasi. Lilikuwa kama kuna haja ya kujenga shule kabisa.

Katika mazingira hayo, mtoto aliyechagua bandari asingehesabiwa kuwa ni mtoto asiyeijua reli. Angehesabiwa kuwa ushahidi.

Waliokuja kubomoa hoja hiyo walitoka mbali na kwetu. Mwaka 1931 na 1932 Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Urusi, alikwenda Uzbekistan kuzungumza na wakulima wasiojua kusoma. Aliwaambia kwamba kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Kisha akawatajia kisiwa kilichoko kaskazini ya mbali na kuwauliza dubu wa huko wana rangi gani. Wengi walikataa kujibu. Hawakuwahi kufika huko, walisema, aulizwe aliyefika. Waliokuwa wamesoma hata kwa muda mfupi walijibu bila shida. Matokeo hayo Luria aliyachapisha kama kitabu miaka ya 1970 tu, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Nilipolisoma jambo hilo nilimkumbuka babu yangu, ambaye hakusoma. Ukimwuliza habari ya mtu wa kijiji cha jirani, angekwambia, "Mimi sikuwepo." Hakuwa ameshindwa kufikiri. Alikuwa akikataa kusema asilolishuhudia, na katika baraza la wazee hiyo ni sifa. Shule inamfundisha mtoto kinyume chake: chukua maneno ya karatasi kama yalivyo, usiulize kama ni kweli, fuata yanakokupeleka. Ni ustadi wenye faida kubwa. Lakini ni ustadi wa kufundishwa.

Liberia nako, kuanzia miaka ya 1960, Michael Cole na wenzake walifanya kazi na Wakpelle. Mmoja wao, Joseph Glick, alisimulia jinsi walivyowapa wakulima vyakula na vifaa wavipange katika makundi. Wakulima wakaweka kisu pamoja na kile kinachokatwa na kisu, wakasema hivyo ndivyo mtu mwenye busara angepanga. Mtafiti alipochoka akauliza mjinga angepangaje. Hapo wakavipanga kama vitabu vinavyotaka: vyakula huku, vifaa kule. Walikuwa wanaujua mpangilio wa mtahini. Waliuona tu kuwa wa kijinga.

Nilipomsimulia mdogo wangu hadithi hii kwa simu, aliifurahia kupita kiasi. Ikabidi nimwonye kwamba mtihani wake hautakuwa na nafasi ya kuandika maoni.

Sasa nirudi kwa shangazi na mwaka 1983, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na jambo ambalo familia yetu haikuwa imelijua.

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilaumu shule ya msingi iliyokuwa maandalizi ya mtihani wa kuingia sekondari, ilhali watoto wengi wasingeingia sekondari kamwe. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe. Mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza kila mtoto apate elimu ya msingi, na kufikia mwaka 1977 nchi ilikuwa ikiandikisha watoto kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na hilo lilikuwa uamuzi wa makusudi: fedha zilikuwa chache na zilipelekwa chini, kwa walio wengi. Matokeo yake, mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya watoto watano kati ya kila 100 waliomaliza darasa la saba walipata nafasi katika sekondari za serikali.

Nafasi hizo chache nazo ziligawanywa kwa mafungu, kila mkoa na fungu lake. Lengo lilikuwa la haki. Bila mgao huo, nafasi zingeendelea kwenda mahali ambapo wamisionari walijenga shule mapema, kama Kilimanjaro na mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979 ulipoitwa Kagera. Ndiyo maana Kilimanjaro na Kagera zikawa mstari wa mbele kujenga sekondari za binafsi: wazazi walikuwa na watoto wengi waliofanya vizuri na viti vichache vya serikali. Ila ndani ya Kagera yenyewe, Karagwe haikuwa Bukoba. Shule za zamani na maarufu zilikuwa upande wa ziwa. Sisi tulihesabiwa pamoja na mkoa uliosoma, bila kuwa tumesoma kiasi hicho.

Darasa la shangazi lilikuwa na watoto 41, idadi anayoikumbuka kwa majina. Watano kati ya 100, kwa darasa la watoto 41, ni wawili. Wakachaguliwa wawili.

Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kimejificha ndani ya neno tulilolitumia siku zote. Kwetu, na nchini kote kwa miaka mingi, kufaulu darasa la saba kulimaanisha kuchaguliwa. Mtoto hakuletewa alama nyumbani. Kilichokuja shuleni ni orodha ya majina. Aliyekuwemo alifaulu, asiyekuwemo alifeli. Lakini orodha ile ilipangwa kwa kufuata viti. Kama watoto wote wa wilaya wangepata kila swali, viti visingeongezeka hata kimoja. Kazi ya maswali ilikuwa kuamua nani awe mbele ya nani kwenye mstari. Urefu wa mstari utakaoingia ndani ulikuwa umekwisha kuamuliwa kabla karatasi hazijafunguliwa.

Kulikuwa na watu waliojaribu kurekebisha hata mstari wenyewe. Kenya, katika miaka ya 1970, Tony Somerset, aliyekuwa amechunguza mitihani Uganda kabla ya hapo, alisaidia kubadili mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Maswali ya kukariri yakapunguzwa, yakaongezwa ya kufikiri, na hasa ya kufikiri juu ya mambo ambayo mtoto wa shamba anayaona: mimea, mifugo, maji, udongo. Kisha walimu wakapelekewa maelezo ya makosa ambayo watoto walifanya na sababu zake. Jambo hilo la mwisho ndilo linalonigusa. Mtu alikaa na majibu yasiyo sahihi ya watoto na kujiuliza yalitoka wapi. Hakuna aliyekaa na bandari ya shangazi yangu.

Na karibu zaidi na kwetu, mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwemo Watanzania, walichapisha utafiti walioufanya Bagamoyo kwa watoto wa shule wa umri wa miaka 11 hadi 13. Waliwapa maswali ya mantiki, ya kupanga vitu katika makundi, na ya kubahatisha kitu kwa maswali ishirini. Halafu wakawafundisha baadhi yao, kwa muda usiofika saa moja, namna ya kuyaendea maswali kama hayo, na kuwapima tena. Waliofundishwa walipanda, na aliyekuwa mbele mwanzoni hakuwa lazima ndiye aliyekuwa mbele mwishoni.

Muda usiofika saa moja. Niliandika maneno hayo kwenye karatasi nikayabandika juu ya meza yangu. Kama saa moja inaweza kubadili nani yuko mbele ya nani, basi mtihani uliofanywa bila saa hiyo haukuwa umepima kile ulichosema unapima. Na kama mtihani uliamua maisha ya mtu, saa moja ile ingekuwa na thamani gani kwa mtoto wa Karagwe mwaka 1983?

Desemba nilirudi Omurushaka nikiwa na habari hizi zote, nikiwa na hamu ya kumpelekea shangazi kama zawadi. Nilimkuta nyumbani kwake akichambua maharage. Nikamweleza juu ya viti, juu ya mgao, juu ya watano kati ya 100. Nikamwambia hakufeli. Nikamwambia kwamba swali lile moja halikuwa sababu.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea kuchambua.

"Kwa hiyo unasema hata ningejibu maji, ningebaki?"

Nikamwambia huenda.

"Hilo ndilo baya zaidi, mwanangu," alisema. "Swali langu nilikuwa nalimudu. Nilijua nilikokosea. Sasa unaniambia sikuwa nimekosea popote na bado nikabaki."

Sikuwa na jibu. Katika semina zetu tunazungumza juu ya kuwarudishia watu historia yao. Sikuwa nimefikiri kwamba mtu anaweza kuwa amejijengea historia inayomwezesha kulala usiku, na kwamba ya kwangu, hata ikiwa ya kweli zaidi, inaweza kumnyima usingizi.

Baada ya kimya akaniambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Mwaka 1994 alisafiri kwenda Mwanza kumwuguza ndugu. Alipanda meli Bukoba usiku. Asubuhi walipofika, alitoka bandarini na kabla hajapata gari la kumpeleka mjini akaona vyuma viwili vimelala chini, sambamba, vinakwenda mbali. Akamwuliza mbeba mizigo ni nini. Akaambiwa reli.

"Nikasimama pale na mzigo kichwani," alisema. "Nikageuka nikaangalia ziwa, nikageuka nikaangalia reli. Nikasema, kumbe ni maji. Watu wakadhani nimechanganyikiwa."

Akacheka, nami nikacheka. Kisha akaniuliza kama mdogo wangu alikuwa ameandika muhogo.

Alikuwa ameandika. Si muhogo hasa, kwa sababu swali lile halikuja, bali alikuwa amejifunza kujibu anachotakiwa. Kabla sijarudi chuoni, Agosti ile, nilikuwa nimekaa naye kwenye kaunta jioni kadhaa pamoja na watoto wengine sita wa majirani. Kwa kila swali niliwafundisha kuuliza mambo mawili: mimi naona nini, na aliyetunga aliona nini. Jibu la kwanza waliliandika pembeni kwa penseli. La pili walilizungushia duara. Sikutaka wadhani kwamba la kwanza ni ujinga.

Siku hizi nafasi za kidato cha kwanza ni nyingi, na karibu kila kata ina sekondari. Mstari umehamia mbele: kidato cha tano, chuo, ajira. Kwenye duka la baba, wenzangu wenye shahada wanatoa kopi za maswali ya usaili, mamia ya watu kwa nafasi chache, na anayekosa anarudi nyumbani akitafuta swali alilokosea. Nami nitasimama kwenye mstari huo nikimaliza masomo. Nimeshaanza mazoezi.

Shangazi amechukua tabia ya kukaa dukani siku za mvua watoto wanapofanya mazoezi. Hasemi mengi. Mwezi uliopita baba aliniambia kwa simu kwamba mtoto mmoja alikwama kwenye swali lenye neno "lifti". Shangazi akachukua boksi tupu la karatasi za kopi, akalifunga kamba juu, akalipandisha na kulishusha mbele ya kaunta mpaka mtoto akaelewa.